Madoa Chini ya Kangaga

Mstaafu yule, ambaye jengo zima lilimwita Mwalimu, alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kukaa kimya penye jambo analodhani analijua. Alifundisha baiolojia miaka thelathini na moja, sasa wewe utamwambia nini? Basi siku mkwewe, mke wa mwanawe, aliposafiri kikazi, Mwalimu akaingia bafuni, akageuza jani la mmea wa kangaga uliokaa dirishani. Upande wa chini akaona madoa ya kahawia, mistari miwili. Lo! Wadudu!

Kangaga lile mkwe alilirithi kwa marehemu mama yake mzazi. Lilikaa bafuni kwa kuwa linapenda mvuke na kivuli, na kila asubuhi yule binti aligusa udongo wake kwa kidole, kuona kama bado una unyevu, kabla hajapiga mswaki. Mwalimu aliyajua hayo yote. Lakini kiherehere kilimzidi. Akaling'oa na mizizi yake, akalifunga kwenye mfuko, likaenda na gari la taka.

Mkwe aliporudi alipewa somo zima, mpaka na mchoro wa mdudu. Akasikiliza, macho chini.

"Sawa, Baba. Bora umewahi."

Baada ya wiki Mwalimu akaenda kwenye bustani ya miche kumnunulia jingine. Muuzaji, mwanafunzi wake wa zamani, akamwamkia kwa furaha. Mwalimu akageuza kangaga la kwanza, akalirudisha upesi. La pili, yaleyale.

"Yote yana wadudu haya!"

Muuzaji akacheka mpaka akashika kiuno. "Mwalimu bwana! Unanipima? Si spora hizi? Kangaga halitoi maua wala mbegu, huzaa kwa hizi. Wadudu gani wanaojipanga foleni hivi? Si wewe mwenyewe uliyetuchorea ubaoni?"

Ni yeye. Kila mwaka aliuchora mchoro ule kutoka kitabuni, kwa chaki za rangi, wala hakuwahi kugeuza jani la kweli hata siku moja. Masikio yakawaka moto.

"Nilikuwa nakupima," akasema, akaondoka mikono mitupu. Upumbavu, kisha na uongo juu yake, jamani!

Njiani aliamua kunyamaza. Nani angejua? Akamkuta mkwe sebuleni, anageuza majani ya mmea mwingine, anachungulia moja moja. Macho yamemvimba.

"Kulikoni, mwanangu?"

"Natafuta wadudu, Baba. Mama alilitunza miaka ishirini, halikuugua. Mimi miezi minane tu, nimeliua. Hata usingizi sipati."

Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka.

"Halikuwa na wadudu," akasema. "Zile zilikuwa spora. Lilikuwa zima, mwanangu, lilikuwa tayari kuzaa. Mimi ndiye niliyeliua. Na somo hilo nimelifundisha mimi, miaka yote."

Akasubiri ukali. Aliutaka kabisa, atukanwe, afukuzwe, apate pa kuanzia. Binti akaliachia jani alilokuwa amelishika.

"Kwa hiyo mimi sikulikosea?"

"Hukukosea lolote."

Binti akaangua kilio, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru. Akamshukuru tena. Mwalimu hakuwa na ujasiri wa kumwambia aache.