Hodi Tatu Hamburg

Gari la moshi la kwenda Dar es Salaam lingeondoka kesho asubuhi, na koti la Yotham lilikuwa bado halina mikono. Fundi Amiri hakuwa na haraka. Tangu mchana alikuwa nyuma ya cherehani yake, barazani pa duka la vitambaa karibu na stesheni ya Dodoma, akishona kidogo na kusimulia sana.

"Inua mkono. Hivyo. Ukishuka melini Hamburg, usitimke kama ndama aliyefunguliwa zizini. Simama kwanza. Shika sanduku lako kwa mikono miwili."

"Bwana wangu atakuwepo, fundi. Yeye ndiye atakayeniongoza."

"Bwana wako atalakiwa na mkewe, na dada zake, na mbwa wake. Wewe utabaki na sanduku."

Yotham alicheka. Alikuwa kijana wa Kigogo kutoka Kikombo, aliyesoma shule ya misheni. Mjerumani mmoja mkusanyaji wa maneno ya Kigogo alikuwa amemchagua aende naye, akawafundishe wanafunzi wake kuyatamka. Alikuwa na daftari gotini, na kila neno la Amiri aliliandika.

Mji mzima ulijua kwamba habari za Ulaya ziko kwa Amiri. Alikaa Hamburg vipupwe viwili, akimpikia mpima ardhi wa Kijerumani. Aliporudi, reli ilikuwa haijavuka Morogoro, akamalizia njia kwa miguu. Sasa reli ilikuwa na mwaka wa tatu Dodoma, naye mwaka wa nne tangu arudi, lakini kila injini ilipopiga honi pale stesheni moyo wake ulivuka bahari. Alikumbuka harufu ya lami na kahawa bandarini. Alikumbuka ziwa la katikati ya mji lilivyoganda, watu wazima wakatembea juu ya maji wakicheka kama watoto, naye akaweka mguu mmoja, akaurudisha, akauweka tena.

Kitu kimoja tu hakukisimulia kwa ukweli. Shaaban, rafiki yake wa kucheza naye udogoni, alikuwa Hamburg wakati ule, mchochea makaa wa meli aliyeachwa pwani kwa ugonjwa. Siku Amiri aliporudi, Mama Sikudhani, mama yake Shaaban, alimshika mikono kabla hajatua mzigo. "Umemwona mwanangu?" Amiri akajibu kwamba amemwona, wamekula pamoja, amenenepa. Hakuwa amemwona hata kivuli. Tangu hapo kila Idi mama yule alikuja kusikia habari zile upya, na kila Idi Amiri alizipamba zaidi.

"Je, nikipotea?" Yotham aliuliza.

"Mtafute polisi. Utamjua, kofia yake ina mkuki utosini. Lakini usimwulize kwa fulani ni wapi, maana huko mtu hajulikani kwa jina la baba yake. Mwonyeshe karatasi yenye jina la mtaa na nambari ya nyumba. Hapo atakuelekeza mpaka mlangoni."

"Na nikikutana na watu njiani nawaamkiaje?"

"Huwaamkii."

"Hata wazee?"

"Hata wazee. Nyie Wagogo mkianza mbukwa zenu, mnauliza mpaka afya ya ndama. Huko ukimwamkia kila mtu utafika kazini mwezi ujao. Siku ya kwanza mimi niliamkia mtaa mzima. Mwanamke mmoja akanipa mkate, akidhani naomba."

"Ukaukataa?"

"Mkate wa moto ule? Niliula!" Amiri aliuma uzi, akaendelea. "Lipo gari linalokimbia juu ya reli katikati ya barabara. Halina farasi wala moshi, linavutwa na umeme. Lingoje penye kibao, usilirukie. Na tiketi usiitupe, atapita mtu kuikagua. Chumbani, kabla hujalala, hakikisha mlango wa jiko la makaa umefungwa vizuri. Moshi wake unaua bila kukohoza."

Yotham alikuwa bado anaandika pale Mama Sikudhani alipotokea kona ya duka, ushungi umejaa vumbi, kifurushi mkononi.

"Shikamoo, mama," vijana wote wawili waliamkia.

"Marahaba, wanangu. Huyu ndiye anayekwenda? Mbona mwembamba hivi, upepo wa huko si utamchukua?" Akaketi kwenye ukingo wa baraza, akafungua kifurushi. Mlikuwa na karanga za kukaanga na kofia nyeupe aliyoitia nakshi kwa sindano miezi mitatu. "Hivi ni vya Shaaban. Amiri anaijua nyumba yake, atakueleza."

Mguu wa Amiri ulisimama juu ya kanyagio la cherehani.

"Mtaa gani, fundi?" Yotham akafunua ukurasa mpya.

Amiri akautaja mtaa. Akataja na nambari, kumi na saba. Huo ulikuwa ukweli, na kwa dakika moja alitumaini kwamba utatosha.

"Na chumba chake kikoje, nikiingia nijue sijakosea?"

"Mwambie kile kitanda cha chuma," Mama Sikudhani alidakia, macho yanang'aa. "Na dirisha linaloona meli. Na yale mablanketi mawili mekundu."

Yotham akaandika kitanda. Akaandika dirisha. Amiri alizitazama herufi zikipangwa moja moja juu ya karatasi. Maneno aliyoyatunga barazani sasa yangepanda meli, yangevuka bahari, na kijana wa watu angezunguka Hamburg katika theluji akitafuta mablanketi mekundu yasiyokuwepo.

"Futa," alisema.

"Nifute nini?"

"Kitanda. Na dirisha. Mama, mimi sikumwona Shaaban."

Mama Sikudhani alicheka. "Acha masihara yako ya Ulaya."

"Sikumwona, mama. Alinitumia baharia kuniambia anaumwa, niende Jumapili. Nikaenda. Nikaiona nyumba, ndefu, mlango umefungwa. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili, nikapiga ya tatu."

"Halafu?"

"Nikaondoka. Si ndivyo mlivyotulea? Mtu akipiga hodi tatu asiitikiwe, anaondoka zake. Anayeng'ang'ania mlangoni ni mwizi au mwombaji. Nilikuwa nimevaa koti jipya, na watu walikuwa wananichungulia madirishani. Niliona haya."

"Lakini yeye alikuwa ghorofa ya ngapi?" Yotham aliropoka.

"Ya nne."

"Hodi ya mdomo isikike ghorofa ya nne?"

"Kweli unavyosema. Ukutani palikuwa na kitufe cheupe cha kengele, mbele ya pua yangu. Nilidhani ni pambo." Amiri hakuweza kumtazama mama yule. "Jumapili iliyofuata mtumishi mwenzangu alinifundisha, nikarudi, nikabonyeza. Mwenye nyumba akashuka, akasema mgonjwa amekwisha kuondolewa tangu Jumatano. Kapelekwa wapi, sikuelewa. Kijerumani changu kilikuwa cha sufuria na chumvi. Nilikwenda hospitali mbili. Nikaulizia bandarini mpaka wakanichoka."

Punda watatu wa wauza maji walipita, vumbi likapanda barazani, likatua juu ya karanga. Mama Sikudhani hakulipangusa.

"Miaka minne," alisema, "namshukuru Mungu kwa kitanda cha chuma."

"Nisamehe, mama."

"Sikukuuliza hilo." Akamgeuzia mgongo, akamvuta Yotham kwa mkono wa daftari. "Andika, mwanangu. Ana kovu kidevuni, aliumwa na mbwa wa Mhindi. Anatumia mkono wa kushoto. Akicheka anaziba mdomo, kwa sababu ya jino. Umeandika jino?"

"Nimeandika, mama."

"Kama yu hai mvalishe kofia. Kama hayupo, uniletee neno la kweli, hata liwe chungu." Kisha, bila kugeuka, akamwita Amiri. "Na wewe, tuanze upya. Mlango ulikuwa wa rangi gani?"

"Kijani."

"Amiri!"

"Kijani, mama, wallahi. Chini umechubuka, pale watu wenye mizigo wanapousukuma kwa mguu."

"Mwenye nyumba?"

"Mwanamke mfupi, mnene. Mikono yake ilikuwa na unga siku ile."

"Alimtunza mwanangu, au alimfokea?"

Amiri alifungua kinywa. Jibu tamu lilikuwa tayari, limekaa kwenye ulimi kama siku zote.

"Sijui," alisema.

Mama Sikudhani aliitikia kwa kichwa polepole. "Haya. Hapo nakusadiki. Endelea."

Amiri alifumba macho. Ule mji aliousimulia miaka yote, wenye taa na barafu, haukumjia. Ulimjia mtaa mmoja tu, mwembamba, unaonuka samaki waliokaushwa kwa moshi, na akaanza kuutembea taratibu, nyumba baada ya nyumba, huku Yotham akiandika.