Liwa Shingoni mwa Zuwena

Wewe umewahi kumwona mtu mzima anaulizwa jina lake, naye anamtazama mwenzake kwanza? Ndivyo alivyofanya Zuwena asubuhi ile, katika chumba cha mwisho cha hospitali moja pale Tanga. Aliyetazamwa ni mama mkwe wake, Bi Asmahani, aliyekaa ubavuni pake na buibui lake lililofunika mpaka vidole vya miguu.

"Anaitwa Zuwena," Bi Asmahani akajibu. "Tumetoka Pongwe. Kaangukia mbuzi ya kukunia nazi, sasa hata uji haupiti kooni."

Nesi alikuwa Sista Praxeda, mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Kazi yake ilikuwa kuwahudumia waliopigwa na kuumizwa: kutibu, na papo hapo kutunza ushahidi usipotee. Kalamu alikuwa nayo, ila hakuandika kitu. Aliitazama shingo ya Zuwena, ilivyopakwa liwa, ule msandali wa kusagwa, nene mpaka mashavuni, imekauka na kuanza kupasuka.

"Nani kampaka, mama?"

"Mimi. Nimtoe nje na shingo ile, majirani wamtolee macho? Nimemwogesha maji ya moto, na kanga nimemfulia. Hizi hapa." Akatoa mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, kanga mbichi ndani.

Praxeda akashusha pumzi. Mama wa watu alikuwa amefanya kila linalofanywa ili kumsitiri mkaza mwana, na kila moja lilikuwa limefuta sehemu ya ushahidi. Hakumgombeza. Alizitoa kanga, akazitandaza zikauke ndipo azitie kwenye bahasha ya kaki, maana ndani ya plastiki zingevunda.

"Mama, naomba utusubiri kwenye benchi."

"Nimwache na mtu baki?"

"Mtu baki mwenye dawa, mama. Si muda mrefu."

Bi Asmahani akainuka kwa kujivuta. "Haya. Ila Mselem yuko njiani kutuchukua. Ya nyumbani yanamalizwa nyumbani."

Mselem ndiye mume. Zuwena aliposikia jina lile, akageuka kuutazama mlango. Akitoka humu bila kusema neno, jioni atapika katika nyumba ileile, na safari nyingine huenda pumzi isirudi. Akisema, Mselem atajua.

"Nataka kuifuta liwa hii," Praxeda akasema. "Nikuguse? Ukikataa, sigusi."

Tangu aolewe, hakuna aliyewahi kumwomba ruhusa ya kumgusa. Akaitikia kwa kichwa.

Nesi akapiga picha kwanza, liwa ikiwa bado ipo. Kisha akachovya kitambaa kwenye maji ya vuguvugu, akafuta polepole, kidogo kidogo, hata alama zikajitokeza: nne upande huu zimepangana, nne upande ule, na mbili nene mbele ya koo. Akaweka rula kando yake, akapiga picha tena. Kwenye karatasi yenye mchoro wa mwili wa mtu, akachora kila alama mahali pake. Akaliinua kope la Zuwena kwa kidole. Humo jichoni mlikuwa na vidoti vyekundu vya mtu aliyebanwa koo, kana kwamba vimechomwachomwa kwa ncha ya sindano.

"Nini kilitokea? Nitaandika maneno yako vilevile, siongezi wala sipunguzi."

Zuwena akafungua mdomo. Ukatoka mkwaruzo tu.

Nje pikipiki ikazimwa. "Mama, yuko wapi?" Ilikuwa sauti ya Mselem. "Kasema nini?"

"Hajasema kitu."

Hatua zikaja. Mlango haukuwa na komeo. Praxeda akavuta kiti, akakiegemeza mlangoni na kukikalia, karatasi mapajani. Kitasa kikazunguka nyuma ya mgongo wake.

"Fungua! Huyo ni mke wangu!"

"Mgonjwa anahudumiwa, baba. Kakae na mama kwenye benchi, au nimwite mlinzi akuoneshe lilipo."

Mlango ukasukumwa mara moja, kiti kikasogea. Praxeda akakanyagia miguu sakafuni, macho hayatoki kwa Zuwena. Wala hakumharakisha.

Zuwena akameza mate, yakapita yakimchoma.

"Andika," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Mume wangu Mselem alinikaba kwa mikono yote miwili. Sikuanguka."

Kalamu ikaandika, neno kwa neno.

"Na wewe mwenyewe, dada, unataka nini?"

Kule nje Mselem aliita jina lake. Zuwena alilisikia, asiitike.

"Nataka kwenda kwa mama yangu, Ushongo. Leo hii. Kwa Mselem sirudi."