Barua ya Okomo kwenda Ujerumani

Mara ya kwanza walimpiga Okomo kwa sababu ya sentimita mbili. Nilikuwepo, nimesimama kwenye mwalo wa Ihumbiko, pale mitumbwi inaposhusha samaki, nikisubiri kitoweo. Chenge, mkuu wa walinzi wa kiwanda cha samaki, alimlaza sangara wa Okomo juu ya rula ya bati, akasoma arobaini na nane. Akamlaza wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu, hivyo hivyo. Sheria inataka hamsini. Alichukua kafi la Okomo mwenyewe akampiga nalo mgongoni, na Okomo alipogeuka kuuliza, pigo la pili likampata mdomoni na meno mawili yakatoka. Walinzi wengine wanne wakamwingia kwa viatu. Baba wa watoto watatu, mume wa mdogo wangu Odeta, alijikunja kwenye magamba akilinda kichwa kwa mikono, nao wakawa wanazitafuta mbavu zake kwa ncha za viatu huku mmoja akicheka.

Mimi nilipiga kelele. Kelele tu. Nimefundisha Uraia miaka thelathini na moja, nimestaafu kwa heshima, nina nyumba Butimba, na siku ile sikujua kufanya kingine.

Walinzi wale hawakuwepo zamani. Waliletwa baada ya kiwanda kupata mnunuzi mkubwa wa Ujerumani, ambaye hakutaka kusikia habari ya samaki mchanga. Kiwanda kikaona njia rahisi ya kumridhisha ni virungu. Kichekesho ni kwamba mnunuzi huyo huyo alileta bango, likabandikwa kwenye kibanda cha mizani. Liliandikwa Kiswahili safi kabisa: yeyote anayeteswa au kudhulumiwa, kuanzia ziwani hadi kiwandani, aandike barua kwenye ofisi yao kule Ujerumani, bila woga. Wavuvi walilipita kila siku. Mimi peke yangu nililisoma mpaka chini, na moyo ukanidunda kwa furaha kama mjinga.

Kwa maana mimi Ujerumani ninaijua. Pale mwaloni walikuwa wananiita Balozi, kwa utani, kwa sababu sikosi taarifa ya habari ya idhaa ya Kiswahili kutoka kule. Nawajua makansela wao kwa mfuatano. Niliwaeleza mabaria wa Okomo, vijana anaovua nao, wakitengeneza nyavu, kwamba Berlin ndiyo yenye kauli Ulaya: ikibana matumizi, nchi nyingine zote zinafunga mikanda, ikikataa gesi ya Mrusi, bei ya mkate inapanda mpaka vijijini kwa Waitaliano, ikikohoa kwenye mkutano wa mawaziri, wengine wanatafuta viti. Na sasa, niliwaambia, Berlin imetunga sheria inayoifunga kampuni yao kwa kosa linalofanyika hapa, kwenye mchanga huu. Walinisikiliza kwa adabu. Mmoja aliuliza kama hao Wajerumani wanajua Ihumbiko iko wapi.

"Watajua," nilisema.

Baada ya kipigo kile nilikaa na Okomo uani kwake, mdomo umevimba, mbavu zimefungwa kanga. Alikuwa anataka kitu kimoja tu: arudi ziwani. Chenge alikuwa amemzuia kushusha samaki pale mwaloni, na Okomo hana shamba wala ng'ombe, ana mikono yake na mtumbwi.

"Shemeji, tuandike," nikamwambia.

"Tuandike, ila jina langu usiweke."

Nilikasirika. Nikamwambia barua isiyo na jina ni karatasi ya kufungia maandazi, hakuna ofisi duniani inayoijibu. Nikaandika usiku kucha, barua rasmi yenye kila kitu mahali pake: jina kamili, namba ya mtumbwi, mwalo, tarehe, saa, majina ya waliopiga. Na chini ya anwani nikaweka kile ambacho kila mtumishi wa nchi hii amekiweka tangu siku ya kwanza ya kazi: kupitia kwa. Mwalimu humwandikia mkurugenzi kupitia kwa mkuu wa shule. Mvuvi, nikaamua mimi, ataandika kupitia kwa mwenyekiti wa mwalo, Yakobo.

Odeta alikuwa anasonga ugali. Akaacha mwiko.

"Kaka, kwa nini ipite kwa Yakobo? Yakobo si anakula na hao hao?"

"Huwezi kumruka mtu, Odeta. Barua iliyomruka mkubwa inarudishwa. Hizo ndizo taratibu."

"Taratibu za nani?"

Niliona ni maneno ya mtu aliyeishia darasa la saba. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyofikiri, kwa maneno hayo hayo.

Asubuhi niliipeleka mwenyewe. Yakobo aliisoma taratibu, akanisifia mwandiko, akaandika pembeni "Imeonwa, ipitishwe", akagonga mhuri. Tukapeana mikono. Nilimshukuru. Nikaituma kwa njia ya haraka kutoka posta mjini nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Novemba redio ikatangaza kwamba serikali ya Berlin imevunjika. Vyama vitatu vilivyotawala pamoja vimegombana juu ya fedha, waziri kafukuzwa, uchaguzi utakuwa Februari. Nilisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za ukoo wake. Sikuogopa. Nilijua wenzetu hawatawali kwa mtu, wanatawala kwa sheria, na sheria ilikuwa bado inasimama.

Wiki ya pili ya Desemba, saa tano asubuhi, simu ikalia. Alikuwa Zahabia, binti aliyesoma kwangu kidato cha nne, sasa ndiye msimamizi wa nyaraka za kiwanda.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwalimu, barua yenu imefika. Wajerumani wametuandikia tujieleze. Wamefuta jina, wamesema tu mvuvi mmoja wa Ihumbiko." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Lakini Chenge ana barua nzima kwenye simu yake. Ina jina, ina mhuri wa mwenyekiti. Yakobo aliipiga picha. Wametoka hapa sasa hivi na gari. Muondoe Okomo, mwalimu, nakuomba."

Sikumbuki kama niliaga. Nilipanda pikipiki ya kwanza niliyoiona, nikamwambia dereva akimbize, na njia nzima nampigia Okomo simu haipokelewi. Alikuwa uani kwake anaziba mtumbwi, simu iko ndani.

Nilisikia mayowe ya Odeta kabla sijashuka. Walikuwa sita. Mdogo wangu alikuwa chini karibu na mafiga, uji wa moto umemwagika mkononi na shingoni, ngozi inabambuka, na mlinzi mmoja amemkanyagia nywele. Watoto walikuwa nyuma ya choo, nawasikia wakilia. Okomo wamemlaza kifudifudi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, wawili wamemkalia miguu, wawili wamemshika mikono. Chenge alikuwa na kidau cha wino na karatasi iliyochapwa.

"Balozi huyo," alisema aliponiona. "Njoo, uwe shahidi."

Nilimrukia. Nina miaka sitini na tatu. Kirungu kilinipata sikioni, kingine kwenye goti, miwani ikavunjika usoni, nikaanguka na damu machoni. Nilivyokuwa chini pale nikaona yote, kwa ukungu lakini nikaona. Chenge alikipaka kidole gumba cha Okomo wino, akakikandamiza kwenye karatasi, akaipuliza ikauke, akaikunja vizuri akaitia mfukoni. Kisha akaokota nyundo ambayo Okomo alikuwa akiitumia kupigilia misumari mbao za mtumbwi.

Alianza na mkono wa kulia. Hakuwa na haraka. Okomo alilia kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kijaluo, akimwita mama yake ambaye ameshakufa, halafu hakulia kwa lugha yoyote. Walipomaliza wa kulia wakahamia wa kushoto. Sauti ile ya mifupa kwenye ubao siwezi kuisema ilivyokuwa. Majirani walikuwa wamesimama kwenye milango yao, na hakuna aliyetoka.

Hospitali walimkata vidole vinne siku ile na vingine vitatu baada ya wiki, vilipoanza kuoza. Vitatu vilivyobaki havikunjiki. Polisi walifungua jalada, wakatafuta mashahidi, na mwalo mzima haukuona kitu. Maelezo yangu yaliandikwa. Lakini mimi ni shemeji yake, na miwani ilikuwa imevunjika. Chenge akahamishiwa mwalo mwingine, ng'ambo ya daraja la Busisi.

Februari Wajerumani wakapiga kura. Mwezi Mei wakapata kansela mpya. Nilisikiliza bado, sijui kwa nini, labda kwa mazoea ya masikio. Redio ilisema viwanda vyao vya magari vinafunga milango, Marekani inatishia ushuru, Ulaya inataka silaha, na bwana mkubwa mpya ameahidi kuwapunguzia matajiri mzigo wa makaratasi. Kati ya makaratasi hayo kuna ile sheria yangu. Nchi jirani zake zilikuwa zinangoja Berlin iseme nini ili na zenyewe zilegeze. Mimi niliyewafundisha watu haya, nilielewa kila neno.

Juni, Zahabia alinijia nyumbani na nakala ya jibu. Alisimama, hakutaka kukaa. Alinisomea kwa Kiswahili, akitafsiri polepole. Ofisi inashukuru kwa barua. Mgavi, yaani kiwanda, amefanya uchunguzi. Mlalamikaji ameondoa malalamiko kwa hiari yake, kama inavyothibitishwa na alama ya dole gumba iliyoambatanishwa. Kwa kuzingatia hilo, na kwa kuzingatia mabadiliko ya sheria yanayotarajiwa, jalada limefungwa.

"Kwa hiari yake," nilirudia.

"Nimeacha kazi, mwalimu," alisema Zahabia. Macho yalikuwa yamemjaa. Nilipaswa kumwambia neno jema, lakini nilikuwa nimeshatoka.

Yakobo nilimkuta mwaloni, mchana kweupe, amekaa kwenye kiti chake cha plastiki karibu na mizani anakula muwa. Niliokota kafi la mtu. Sikumsalimu. La kwanza lilimpata shingoni, kiti kikavunjika, la pili likampasua juu ya jicho, la tatu sijui lilikwenda wapi kwa sababu alikuwa anatambaa na mimi namfuata. Nilimpiga mgongoni, miguuni, kwenye mikono aliyokuwa anajikinga nayo. Nilitaka mikono. Nilisikia mmoja ukivunjika na nikafurahi, nasema ukweli, nilifurahi kuliko siku niliyostaafu. Watu walikusanyika wakatazama, kama walivyotazama siku zote.

"Mwalimu!" alilia, mdomo umejaa damu na makapi ya muwa. "Mimi sikukuita! Uliileta mwenyewe! Ulinipa mkononi ukanishukuru!"

Nikainua kafi tena, kwa kuwa alikuwa anasema kweli na sikutaka kuisikia.

Mtu akalishika kutoka nyuma. Alikuwa Odeta, na ndoo ya utumbo wa samaki miguuni pake; siku hizi anapara samaki wa watu pale mwaloni apate chakula cha watoto. Kovu la uji lilikuwa limemvuta shingo upande mmoja. Nilidhani anakuja kunizuia nisiue, nikaliachia.

Hakumtazama hata Yakobo. Alinitazama mimi. Asubuhi ile, kama kila asubuhi, alikuwa amemlisha mume wake, amemnawisha, amemfunga vifungo vya shati, amempeleka chooni. Nilijua ratiba hiyo yote. Hakuwahi kunilaumu, na mimi nilikuwa nimeshukuru kwamba hanilaumu.

"Nyosha mkono, kaka," alisema.

Nilisikia maji yakipiga mitumbwi.

"Mkono upi?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Ule unaoandika."

Nikaunyosha, kiganja juu. Odeta alilishika kafi kwa mikono miwili, akalipandisha juu ya kichwa, na mimi sikuurudisha nyuma.