Jina kwenye Kibali cha Kumi na Tatu

Kabati la kijani lilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo huo alikaa nao Kerubo. Haikuwa heshima. Ofisi yao ya mtaa wa Najma, Doha, juu ya duka la mabomba, ilijaza fomu za makampuni ya ng'ambo, na kabatini mlikuwa na kazi ya mteja mmoja wa Marekani, mwenye shamba la mizabibu, aliyewatumia mvinyo wanunuzi wa majimbo mengine hadi mlangoni. Kila jimbo lilitaka kibali chake. Wafanyakazi wengine wote walikuwa Waislamu. Dhambi ya pombe haiishii kwa mnywaji. Inampata anayeibeba na anayeiuza pia. Kama mjaza fomu naye yumo, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujua. Kerubo, Mkristo kutoka Kisii, aliachiwa kabati.

Machi 2014 alihitaji kuwa Kisii. Alhamisi tarehe 13 mahakama ingesikiliza mirathi ya baba yake, na kaka zake wawili walikuwa wamewasilisha orodha ya warithi yenye majina mawili. Asipofika kupinga, shamba lingegawanywa hivyo.

Kutoka Doha kulihitaji ruhusa ya kafili, mwajiri aliyemleta. Fomu ya ofisi ilikuwa na nafasi mbili za saini: mwenzake wa kupokea kazi, na mwenzake wa kumdhamini kwamba atarudi. Wa pili alipatikana: Omari, Mzanzibari wa meza ya jirani.

"Lakini dada, usiporudi, mimi Juni sitoki," alisema. "Na Juni mdogo wangu anaolewa."

"Nitarudi."

"Na lile kabati unisamehe. Hata nikilishika kwa glavu, mama atajua."

Wa kwanza hakupatikana. Meneja, Bwana Abubakari wa Tanga, mwenye miaka kumi na minane Doha, hakuwahi hata kutamka jina la kilichokuwa kabatini.

"Maliza ile bidhaa yako," alikuwa amemwambia Januari. "Jimbo la mwisho likikubali, hakuna kazi ya kupokewa. Karatasi yako naipeleka kwa kafili siku hiyohiyo."

Kerubo alimaliza. Alisajili lebo, akapeleka kiapo kwamba kila kifurushi kitapokelewa na mtu mzima mwenye kitambulisho. Kibali cha kumi na tatu kilifika Jumatano, tarehe 5 Machi. Alikisoma chote. Ripoti kila mwezi, hata kama haikusafirishwa chupa moja. Mtu wa kuwajibika apatikane kwa simu kila siku ya kazi. Kumbadilisha mtu huyo, siku sitini.

Chini lilikuwepo jina: Daisy Kerubo. Aliliandika mwenyewe kwenye fomu zote kumi na tatu. Mteja alitaka jina la mtu wa ofisini, na ofisini hakukuwa na mwingine ambaye angekubali jina lake likae kwenye karatasi ya mvinyo.

"Sasa kazi ndiyo imeanza," alisema Abubakari, akikisoma kibali kwa mbali, mikono nyuma. "Wakipiga simu wakakukosa, wanafuta. Kafili ataniuliza mimi. Nitatafuta Mkenya mwingine, uende Mei."

"Mei shamba limeshagawanywa, mzee."

"Ardhi haihami, mwanangu."

"Hati ndizo zinahama."

Alirudi mezani, akasoma tena tangu mwanzo. Katika kifungu cha tisa iliandikwa kwamba kibali kinaweza kurudishwa wakati wowote, kwa saini ya mtu wa kuwajibika peke yake. Vile kumi na viwili vilisema vivyo hivyo.

Jumapili asubuhi alizipanga barua kumi na tatu mezani kwa Abubakari, zote zimesainiwa.

"Nini hizi?"

"Za kurudisha vibali. Kesho saa kumi jioni ofisi zao zinafunguliwa, nazituma. Kabati litakuwa tupu. Hakuna kazi ya kupokewa."

"Unanitisha?"

"Nafuata ulichosema Januari."

Abubakari aliyatazama makaratasi yaliyofunika meza yake, kila moja na lile neno asilolitamka kwenye mstari wa kwanza. Hakuweza kuyasukuma bila kuyashika.

"Yaondoe," alisema hatimaye. "Kisha lete ile fomu yako."

Kwenye nafasi ya kupokea kazi aliandika: *Hakuna*. Chini yake Omari alisaini polepole.

Kabla ya kusafiri Kerubo alizifungia barua kabatini bila kuzituma, akatuma ripoti zote za mwezi. Alhamisi alisimama mbele ya hakimu, akaonyesha cheti cha kuzaliwa. Hakimu alisimamisha mgawanyo. Kesi ingesikilizwa tena Septemba, na pingamizi lingetupwa kama mpingaji hangefika mwenyewe.

"Si ubaki tu?" shangazi yake alimuuliza nje ya mahakama. "Nani atakufuata huku?"

"Kuna mtu ameniandikia jina lake."

Jumatatu aliingia ofisini. Omari aliinua kichwa, akashusha pumzi.

"Juni," alisema Kerubo.

"Juni, dada. Mungu akulipe."

Mezani kwake palikuwa na bahasha nene ya mteja, haijafunguliwa: jimbo la kumi na nne. Kando yake ilikuwa rula ya Abubakari, aliyoitumia kuisukuma hadi hapo.