Wiki ya Dawa

Kaka yangu ana jibu moja kwa kila kiumbe kinachomwambia hapana: ukaidi. Mkewe aliposhindwa kuinama kwa maumivu ya mgongo, ukaidi. Mimi nilipomkataa rafiki yake aliyetaka kunioa, ukaidi. Basi Bibi Harusi alipoanza kugoma kutandikwa, sikuwa na haja ya kumuuliza kaka anaonaje.

Bibi Harusi ni farasi jike. Jina alilipata kwa mwendo wake wa madaha, na katika shule ya kupanda farasi tuliyoachiwa na baba, waoga wote walijifunzia mgongoni mwake. Mwaka huu akabadilika. Akiona tandiko, masikio yanalala nyuma. Ukikaza mkanda wa tumbo, anageuka kutaka kukung'ata. Ukipanda, hasogei.

"Keshakujua wewe laini," kaka alisema. "Niachie mimi na fimbo yangu uone."

"Fimbo yako kapigie ukuta."

Nikamwita daktari wa mifugo, mtu asiye na haraka hata kidogo. Alikagua kwato, akatazama meno, akabonyeza mgongo mzima kwa vidole, na farasi hakushtuka popote. Tulimkimbiza kwa kamba bila tandiko, akakimbia vizuri. Tukajaribu tandiko jingine, yakawa yaleyale. Kaka alikuwa pembeni, kajishika kiuno, anacheka.

"Mgongo unaweza kuuma usioneshe," daktari alisema. "Tumpe dawa ya maumivu wiki moja. Akiendelea kugoma, hiyo ni tabia, mtamfundisha upya. Akikubali kupandwa, basi anaumwa, na dawa ikiisha asikaliwe na mtu mpaka tumpige picha ya mgongo."

Usinicheke, lakini nilimwombea mnyama wa watu awe mgonjwa.

Siku chache tu zikapita. Nikamtandika, masikio yakabaki mbele. Nikapanda. Akatembea, akakimbia, na madaha yake yote yakarudi. Nililia palepale juu ya tandiko, wala sioni aibu kusema. Nilimpungia mkono kaka aliyeegemea uzio, naye akanipungia, uso umemchangamka kweli. Nikadhani leo tumeona kitu kimoja.

Kumbe mwenzangu kaona mteja.

Kesho yake nilirudi kutoka kununua pumba nikakuta banda la Bibi Harusi tupu. Mama mmoja aliyekuwa akimtafutia bintiye farasi mpole alikuja, binti akapanda, wakalipa, wakaondoka naye. Kaka anakunywa chai.

"Si umeona alivyopona?"

"Hajapona, kaka! Ile ni dawa! Kukubali kwake ndiko kunakoonesha kwamba anaumwa!"

"Mtoto kapanda, kafurahi, mama yake karidhika. Nimemdanganya nani hapo?"

Namba ya yule mama alikataa kunipa. Wifi yangu ndiye aliyeniandikia, mkono mmoja kiunoni, akitazama mlangoni mumewe asitokee. Nilipiga nikaeleza yote, tangu masikio hadi dawa. Yule mama alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Pole, mdogo wangu," akasema. "Kaka yako aliniambia utapiga. Alisema umemzoea sana huyu farasi, utatafuta kila sababu arudishwe."

"Basi mpigie daktari."

"Wa nini? Nimemwona kwa macho yangu akikimbia."

Akaniaga kwa adabu ileile, akakata simu. Angenitukana, ningejua la kumjibu.

Wiki ya dawa ikaisha, dawa iliyobaki ikiwa bado kwetu. Tulikuwa mezani simu ya kaka ilipoita, akaifungulia sauti ili aendelee kula.

"Hataki tandiko," yule mama alisema. "Jana kamng'ata mwanangu."

"Anaumwa!" nilipaza sauti. "Mama, nilikwambia, anaumwa!"

"Huyo ni mdogo wako?"

"Ndiye," kaka akasema. "Bado ana kinyongo. Farasi hana kitu, mama, ukaidi tu. Kamwona mtoto ni laini. Mpeni fimbo."

Wifi yangu aliweka kijiko chini.

"Fimbo tumeshaanza," yule mama akasema.