Mvi za Ukoo Wetu

Nimechoka kulisingizia vumbi. Babu alikohoa, tukasema ni vumbi la mbao. Baba yetu, Fundi Kamaludin, aliyechonga milango mingi ya Mji wa Kale, akakohoa mpaka pumzi zikamwishia, tukasema ni lile lile. Kabla hajafa alimkataza ndugu yangu Khubaib kushika patasi. Karakana ikafungwa, Khubaib akaenda kuwa karani Kilindini, katika ofisi yenye kiyoyozi na madirisha yasiyofunguliwa.

Sasa yeye ndiye aliye kitandani chumba cha mbele, mirija ya oksijeni puani. Mimi dadake ndiye ninayemgeuza, ninayemlisha uji na kuwajibu wageni mlangoni. Umeme ukikatika na mashine ya hewa ikazima, roho hunipaa.

"Mapafu yake yamejaa makovu," alituambia Daktari Nekesa. "Na si vumbi tu, mama. Ugonjwa huu huweza kurithiwa." Kisha akaniuliza swali lililonichekesha. "Kwenu watu hupata mvi mapema?"

Mapema! Ukoo wetu hujivunia mvi. Wanaume wetu ndevu hazijawajaa na kichwa kishakuwa cheupe, na watu huwapisha wakae mbele. Sisi wanawake huzificha. Msichana akivunja ungo hutiwa hina kichwani, na haikomi tena, mchumba asije akamdhania mtu mzima. Nilimweleza daktari yote hayo kwa majivuno. Hakucheka. Alisema mvi hizo na makovu hayo huweza kutokana na jeni moja, na mara nyingi kila kizazi huanza kuugua mapema kuliko kilichotangulia. Mvi peke yake si hukumu, akasema, lakini mwenye nazo apimwe damu.

Nikamfikiria Shifa, mwanangu wa pekee, anayesomea ualimu. Rangi ya nywele zake sijaiona tangu alipokuwa mtoto, maana hina nampaka mimi mwenyewe.

Nilimwambia aache hina, nikamweleza kwa nini. Alinisikiliza huku mjombake akikohoa nyuma ya ukuta. Tukangoja nywele zikue. Kumuuguza Khubaib hakujanichosha kama kungoja kule.

Leo baada ya alasiri Shifa alikaa sakafuni mbele yangu, karibu na dirisha, nikazigawa nywele zake kwa kitana. Nilizigawa hapa, nikazigawa pale, nikarudi tena nilipoanzia.

"Waona nini, mama?"

"Ni nyeupe, mwanangu."

"Zote?"

"Nyingi."

Khubaib akakohoa, tukasubiri amalize. Bakuli la hina lilikuwa pale rafuni. Niliogopa, na nilitamani kuikoroga saa ile ile, nizifunike, tukale chakula chetu kama siku zote. Nikainuka kulichukua.

Shifa akanishika mkono. "Liwate, mama. Nisuke hivi hivi. Kesho nataka daktari azione."