Mstari wa Watoto

Saa tisa alasiri, siku moja kabla ya mazishi ya mumewe Kuria, Seline aliingia katika duka la kuchapisha mjini Eldoret na kumkuta shemeji yake Mungai ameinama mbele ya kompyuta. Okeyo, mwenye duka, alikuwa ameshapanga karatasi za kung'aa kwenye mashine. Nakala mia tatu za programu ya mazishi zilikuwa zinangoja amri tu.

"Nionyeshe kwanza," Seline alisema.

"Kamati imeshasoma, Mama Wanja," Mungai akajibu bila kugeuka. "Nenda upumzike."

"Nitapumzika kesho jioni. Okeyo, teremsha."

Okeyo akateremsha. Picha ya Kuria akiwa na suti. Kuzaliwa, shule, shamba la kijijini Ziwa, ng'ombe wa maziwa, kwaya ya kanisa. Halafu: *Marehemu alimwoa Seline Amolo. Hawakujaliwa mtoto.*

Seline alisoma mara mbili. Binti yake Wanja alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alifika Ziwa mgongoni mwa mamake, hajaanza kusema, na baba pekee aliyemjua ndiye huyo aliyelala mochari.

Mtu mwingine angeona ni karatasi tu ya kujipepea juani. Kuria hakuacha wosia. Hati ya shamba ilikuwa na jina lake peke yake, na siku chifu atakapoandika barua ya kutaja warithi, kitu cha kwanza atakachoitisha ni hiyo programu. Jirani yao Mwihaki aliachwa nje ya karatasi kama hiyo. Huu ni mwaka wa sita yuko kortini akijaribu kuthibitisha kwamba alikuwa na baba.

"Wanja yuko wapi hapa?"

"Wewe tumekuweka. Mke ni mke, hakuna anayebisha." Sasa Mungai aligeuka. "Lakini mtoto ulikuja naye. Siku ukiondoka, shamba linarudi nyumbani."

"Kwa wanao."

"Kwa damu."

"Kuria alimpa jina la mama yenu."

"Jina si damu."

Okeyo akakohoa. "Lakini Mzee, mama akiingia hapa umemwita Mama nani?"

"Wewe chapa! Wacha siasa!"

Okeyo alinyoosha mkono kwenye kipanya. Seline akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne na kuiinua.

"Hiki ni kibali cha mazishi. Mimi ndiye nilikuwa hospitali, kimeandikwa jina langu. Bila hiki mochari haitoi mwili. Mtoto wangu asipokuwa kwa huo mstari, kesho mtazika programu."

Mungai alisimama polepole. "Unamshika ndugu yangu mateka?"

"Namshika."

Hema zilikuwa zimesimama Ziwa, sufuria ziko motoni, jamaa zake mwenyewe wako njiani kutoka kwao mbali. Mwanamke anayezuia maiti hasamehewi na watu wa mume wake, wala na watu wake mwenyewe. Na kama Mungai angesema "basi maiti akae huko", ingemlazimu Seline atimize tishio lake. Hakujua kama angeweza.

Mungai akampigia mama yake simu, akaiweka sauti kubwa. "Mama, sikia mambo ya huyu mtu wako." Akamweleza yote: mstari, kibali, mochari.

"Wewe umeandika hawakujaliwa?" mama mzee akauliza.

"Ndiyo, Mama, kwa sababu yule mtoto..."

"Yule mtoto ni mimi. Kuria alimpa jina langu, akanizaa upya kwa huyo mtoto, nikakubali mbele ya wazee, na mbuzi ya hiyo siku ulikula wewe. Sasa unanifuta nikiwa hai?"

"Mama, sikiza..."

"Andika. Niko hapa, nasikiza."

Okeyo hakungoja Mungai. Aliandika, akasoma kwa sauti: "Mtoto wao ni Wanja Kuria."

"Na wewe, Seline." Tangu aolewe, mama mkwe hakuwahi kumwita kwa jina. "Mtoto umempigania, ni sawa. Lakini mwanangu umemfanyia biashara kama ng'ombe wa sokoni. Hilo sitasahau."

Simu ikakatika. Mungai akaitia mfukoni. "Tutaonana kwa chifu," alisema, akatoka.

Mashine ilianza kunguruma. Seline alichukua nakala ya kwanza, bado ina joto, akauona mstari. Alitafuta furaha moyoni, akapata hasira, wala si kwa Mungai. Miaka mitatu alimwambia Kuria twende kwa wakili tuandike, na miaka mitatu Kuria alicheka, akasema wosia ni kuita kifo, wacha kwanza tuvune mahindi.

"Tumevuna mara tatu, Kuria," aliiambia ile picha yenye suti, kisha akakaa kwenye stuli kungoja zilizobaki.